Kanda ya Raundi ya Tano

Kituo cha pampu, 3 Februari

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, shemeji mzima, na Mama miguu imepungua kuvimba. Huku sote tuko salama isipokuwa pampu namba mbili, ambayo tangu Desemba inakohoa kama mvuta sigara. Mpishi wetu ameacha kazi, kwa hiyo tunapika kwa zamu. Siku ya zamu yangu wenzangu wote husema hawana njaa.

Nakuandikia kwa jambo dogo tu. Kuanzia Jumapili ya tarehe kumi na nne, televisheni itaonyesha moja kwa moja mashindano ya ligi ya baiskeli, raundi tisa, mpaka Julai. Huku mlimani mawimbi ya televisheni hayafiki, lakini bosi aliyehamishwa alituachia televisheni na deki ya video kwenye chumba cha kulia. Wewe pia una deki. Nimempa dereva wa lori la dizeli kanda kumi na mbili tupu akuletee, na kila akija atachukua zilizojaa.

Fuata haya. Anza kurekodi robo saa kabla, maana watu wa televisheni hawaaminiki. Matangazo ya biashara yakianza, simamisha; yakiisha, bonyeza kitufe cha kurekodi tena. Usiondoke karibu na mashine. Mtu yeyote asibadilishe kituo. Ukimaliza, vunja kile kipande kidogo cha plastiki mgongoni mwa kanda ili asije mtu akaifuta, kisha andika tarehe ubavuni. Si kazi kubwa.

Najua utauliza tangu lini nimependa baiskeli. Mtu anayekaa huku anahitaji kitu cha kutazama.

Kaka yako.


Nyumbani, 22 Februari

Kaka,

Shikamoo. Sisi wazima. Miguu ya Mama imepungua kidogo, ila mdomo haujapungua; anauliza kama bado unavaa lile sweta lenye tundu kwenye kiwiko. Shemeji yako wamempangia zamu za asubuhi ghalani, kwa hiyo mchana kutwa yuko humu ndani ananifundisha kushona. Mimi nina oda ya sare za shule mbili na cherehani moja.

Kanda yako hii hapa. Kabla hujailalamikia, soma kwanza.

Walisema saa nane. Nikaacha kola kumi na nane mezani, nikakaa saa nane kasorobo, nikabonyeza kama ulivyoagiza. Saa nane ikafika, waziri anafungua daraja. Saa nane na nusu, bado anafungua daraja, na daraja lenyewe fupi, ungelivuka kabla hujamaliza kupiga chafya. Mbio zilitokea saa tisa kasoro dakika kumi. Kanda yako ni ya saa tatu, kaka. Ilijaa wakati waendesha baiskeli wamebakiza kilomita nne, ikaanza kujirudisha yenyewe, na mimi nikabaki nimeshika rimoti kama mtu aliyepigwa na butwaa. Kwa hiyo una zaidi ya saa nzima ya daraja na huna mwisho wa mbio.

Shemeji yako alitaka mpira saa kumi. Nimemfukuza akausikilize kwa jirani, na mpaka leo ananijibu kwa neno moja moja.

Na jambo jingine. Umeandika kurasa mbili za baiskeli bila kumtaja mtu hata mmoja anayeziendesha. Nimeona. Nina kazi nyingi, lakini macho ninayo.

Mdogo wako.


Kituo cha pampu, 10 Machi

Mdogo wangu,

Salamu kwa wote. Sweta nalivaa. Pampu namba mbili tumeifungua, tukaifunga, sasa inakohoa kwa sauti nyingine.

Kanda nimeitazama. Wenzangu hapa sasa wanalijua lile daraja kuliko aliyelijenga. Nani alishinda? Hata hilo hukuandika. Nilikutumia kanda kumi na mbili kwa raundi tisa. Ukiona moja inaelekea kujaa, toa, ingiza nyingine. Jambo hilo linahitaji chuo gani?

Halafu, yalipoanza matangazo ya sabuni ulisimamisha vizuri, ukasahau kuwasha tena. Kundi linaingia kwenye mteremko, picha inaruka, na ghafla wako mjini. Nimepiga hesabu kwa saa inayoonekana pembeni mwa picha: dakika ishirini na mbili. Ulikuwa wapi?

Watangazaji wanapenda kuwazungumzia walio mbele tu. Kama uliona au kusikia chochote kuhusu walio nyuma, tuseme namba za arobaini na kitu, unaweza kuniandikia. Ni kwa ajili ya kuweka kumbukumbu.

Kaka yako.


Nyumbani, 28 Machi

Kaka,

Shikamoo. Umeuliza nilikuwa wapi. Nilikuwa nampeleka Mama msalani. Kwa Mama, dakika ishirini na mbili ni mbio, na wewe hukuwepo kumrekodi.

Nakutumia raundi ya pili na ya tatu. Ya pili ina mwanzo na mwisho, shukuru. Ya tatu umeme ulikatika robo saa. Sikuukata mimi. Aliyeshinda ni mtu mrefu mwenye fulana ya njano, na jina lake limenitoka, maana lilitajwa wakati mteja amesimama mbele ya televisheni akitaka kiuno kipunguzwe.

Sasa hizo "namba za arobaini na kitu". Kwa nini usiandike arobaini na tatu? Kalamu ingekatika? Ni mwanao, kaka. Wifi alipofariki ukaniletea mtoto wa miaka kumi mwembamba mpaka mtaa mzima wakamwita Spoki, nikamlea mimi, ukawa unakuja sikukuu. Alipokua ukamtafutia kazi kwenye hizo pampu zenu, kile kituo cha bondeni. Akakaa miezi minne, akaacha, akarudi kwenye baiskeli. Ukamwandikia barua ya mistari mitatu kwamba asikuite tena baba. Mwaka wa pili huu hamjasemeshana. Halafu unaniambia mimi unataka kitu cha kutazama.

Basi nakwambia ninachokijua. Hutamwona mbele. Kazi yake kwenye timu ni kumsaidia kapteni: anamletea maji, anamkinga upepo, tairi la kapteni likipasuka anampa lake. Kila Jumatatu anakuja kula hapa, anakula kama ametoka kubeba mawe. Mengine muulize mwenyewe. Anwani yake iko chini ya karatasi hii, kwa herufi kubwa, usije ukasema hukuiona.

Mdogo wako.


Kituo cha pampu, 14 Aprili

Mdogo wangu,

Tunaendelea vizuri. Mpishi mpya amepatikana. Mwambie Mama namsalimu.

Anwani nimeiona.

Katika kanda ya raundi ya tatu, wakati wa kupanda ule mlima wenye mnara, anaonekana mwendeshaji mmoja upande wa kushoto wa picha kwa sekunde nane hivi. Kiti chake kiko chini kwa upana wa kidole. Magoti yanapanda mno, na mtu akiendesha hivyo miaka miwili atayajutia. Ukikutana na mhusika, mwambie. Si lazima umwambie umeambiwa na nani.

Raundi ya nne usiache kuisimamia.

Kaka yako.


Nyumbani, 4 Mei

Kaka,

Shikamoo. Sisi tupo. Mama anakusalimu.

Ujumbe wa kiti nilimfikishia mhusika, Jumatatu moja kabla ya raundi ya tano. Akauliza, "Nani amesema?" Nikamwambia ni fundi mmoja. Akatafuna, akameza, akasema, "Mwambie huyo fundi kiti kiko sawa." Basi.

Hii hapa raundi ya nne. Ya tano hutaipata. Mashine iliitafuna.

Nina kazi nyingi, nitaandika vizuri siku nyingine.

Mdogo wako.


Kituo cha pampu, 26 Mei

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kwa Mama na shemeji. Barua yako ilikuwa fupi mpaka nikageuza karatasi kutafuta upande wa pili.

Mashine haitafuni kanda bila sababu. Ulikisafisha kichwa cha deki? Hata kama mkanda umekunjamana, ungenitumia hivyo hivyo, ningeunyoosha. Nimenyoosha vitu vigumu zaidi. Raundi nzima imepotea kwa sababu mtu hakuchukua kitambaa na spiriti.

Lakini lazima niseme na hili: kanda ya raundi ya sita, iliyokuja na lori juzi, imenishangaza. Inaanza pale pale bendera inaposhushwa. Tangazo hata moja halimo, na hakuna sekunde ya mbio iliyokatwa. Kanda ya kwanza imebadilishwa wakati kundi lipo kwenye barabara tambarare ambapo hapatokei kitu. Na ubavuni pameandikwa kilomita, milima, na nani alitoroka kundi wapi. Hatimaye umejifunza. Wenzangu wamekusifu.

Jambo moja tu. Ile timu ya fulana za kijani, ya namba za arobaini na kitu, huanza na watu wanane. Nimehesabu saba. Nimehesabu mara tatu, mstari wa kuanzia, juu ya mlima, na mwisho. Kuna namba moja haipo. Pengine mtu ana mafua. Niandikie.

Kaka yako.


Kituo cha pampu, 9 Juni

Mdogo wangu,

Lori limefika leo. Kuna kanda ya raundi ya saba, safi kabisa kama ile ya sita, na hakuna barua. Dereva anasema ulimkabidhi kanda dirishani ukarudi ndani. Wewe, ambaye salamu zako humchelewesha mtu basi.

Ni saba tena.

Nijibu.

Kaka yako.


Nyumbani, 15 Juni

Kaka,

Shikamoo. Mama mzima, shemeji yako mzima, mimi mzima, na mtu wa nne aliyemo humu ndani anaendelea vizuri. Sasa kaa chini.

Kanda ya raundi ya tano haikutafunwa. Ilikuwa kabatini chini ya vitambaa vya kaki. Siku ile Spoki alianguka kwenye mteremko, wamebakiza kilomita thelathini. Nilikuwa nimekaa pale pale na rimoti mkononi, nikamwona anaruka juu ya usukani, na kidole changu hakikujua kibonyeze nini, kwa hiyo yote yamo. Alivunjika mtulinga, ule mfupa wa begani, na kifundo cha mkono wa kushoto. Alikaa hospitali siku nne, kisha nikamleta hapa. Analala chumba cha kushonea, kati ya cherehani na meza ya kukatia, na kila nikitaka uzi inabidi niruke miguu yake.

Alinikataza kukuandikia. Nilimwambia, "Yule ni baba yako."

Akasema, "Shangazi, atasema, 'Si nilisema?'"

"Akisema, itakuwaje?"

"Sitaki kumsikia akisema."

Nikarudi kwenye kola zangu. Sikumlaumu, kwa sababu nakujua.

Na hizo kanda unazozisifu, mimi sijajifunza kitu. Anarekodi yeye. Saa nane kasorobo ameshakaa, mkono umefungwa kifuani, rimoti juu ya goti, na hakuna anayeruhusiwa kukohoa. Anajua matangazo yanakuja kabla hayajaja. Maandishi ya ubavuni ni yake. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua hivyo kwa mtu ambaye hataki kumsikia. Akanijibu kwamba kundi likishaanza kupanda mlima, mtazamaji hapaswi kukatiziwa.

Barua yako ya kuhesabu saba niliiacha mezani, akaisoma. Jana amenikuta nafunga kifurushi, akaenda mwenyewe kabatini, akaja na kanda ya tano. Nikamuuliza kama ana hakika. Akasema, "Apelekewe."

Mimi nimechoka, kaka. Mmenifanya bomba. Huyu anamimina huku, yule anakinga kule, na anayevuja katikati ni mimi. Raundi ya nane mwanao atakurekodia. Ya tisa sitaki kanda wala maagizo humu ndani. Ukiitaka, njoo uitazame.

Mdogo wako.


Kituo cha pampu, 1 Julai

Mdogo wangu,

Salamu kwa Mama, kwa shemeji, na kwa wote waliomo humo ndani.

Kanda niliipata Jumanne. Nilitaka kuitazama peke yangu, lakini chumba cha kulia ni kimoja na watu wameshazoea, wakaja wote sita na vikombe vyao vya chai. Nikakaa nyuma yao.

Nilimwona. Kuna mtu alimgusa gurudumu la nyuma, akaruka. Mimi nikasimama. Sijui nilikuwa nataka kwenda wapi. Kamera ya pikipiki ikabaki pale pale kwa sababu kapteni wao naye alikuwa amesimama mbele kidogo, tairi limepasuka. Akainuka kutoka chini, mkono wa kushoto unaning'inia. Akaichukua baiskeli yake, akaibana kwa magoti, akachomoa gurudumu la mbele kwa mkono mmoja, akampa mwenzake. Halafu akamsukuma mgongoni ili aondoke haraka. Akasubiri mpaka mtu yule amekata kona. Ndipo akakaa kando ya barabara na kujishika bega.

Mpishi mpya akauliza, "Huyo aliyevunjika na bado anatoa gurudumu ni nani?"

Nikasema, "Ni mwanangu."

Wakageuka wote kunitazama. Nimekaa nao miaka, hawakujua kama nina mtoto. Wakarudisha nyuma, wakatazama tena, mara nne. Walipotaka mara ya tano nilitoka nje kukagua pampu ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Jioni, walipokwisha kutawanyika, nilirudi nikasimamisha picha kabla hajaanguka. Nikaweka kidole changu kwenye kioo. Alikuwa amekipandisha kile kiti.

Nimeomba likizo ya siku kumi, ya kwanza baada ya miaka minne. Nitashuka na lori tarehe kumi na sita. Usimwambie. Au mwambie. Fanya unavyoona, ila usiniandikie kuniuliza, maana mimi mwenyewe sijui.

Kaka yako.


Nyumbani, 9 Agosti

Kaka,

Shikamoo. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kwamba ulifika salama na kwamba pampu namba mbili imekubali kunyamaza. Mama anasema siku kumi hizo ulikonda badala ya kunenepa, na analaumu upishi wangu.

Unaniuliza iko wapi kanda ya fainali, kwamba wenzako wanaidai. Kanda gani, kaka? Mlikuwa wawili, mmekaa kwenye kochi moja, rimoti katikati yenu, kanda tupu imo ndani ya mashine. Mimi nilikuwa jikoni. Nilidhani anarekodi yeye, yeye alidhani unarekodi wewe, na wewe ulikuwa unamweleza jinsi ya kupanga gia, kijana ambaye hiyo ndiyo kazi yake. Mpaka fulana ya njano inavuka mstari, hakuna aliyebonyeza chochote. Waambie wenzako hivyo.

Kwa kuwa umeandika kurasa tatu za habari za pampu na hukusema neno juu ya ile Ijumaa uliyofika, nitaisema mimi, ili angalau iwe imeandikwa mahali. Alikufungulia mlango yeye. Ukamwambia, "Umekonda." Akasema, "Nilikuwa hivi hivi." Mkakaa sebuleni nusu saa mkitazama televisheni iliyozimwa, mpaka nikaanza kupanga sahani kwa kelele ili msisinzie. Ndipo nikakusikia ukiuliza, "Siku ile kwenye mteremko, ulishika breki ipi?"

"Ya nyuma kwanza."

"Vizuri."

Kisha ukasema jambo jingine kwa sauti ndogo. Sikulisikia, na nilikuwa nasikiliza sana, mpaka nikaacha maji yakachemka yakaisha. Nilipoingia na chakula ulikuwa umemshika lile bega, unapapasa pale mfupa ulipounga, kama unavyokagua kitu kilichochomelewa na fundi usiyemwamini. Naye alikuwa ametulia, anakuacha. Sijamuuliza ulisema nini. Nimejizuia wiki tatu, na hujui inanigharimu nini.

Daktari alimruhusu kufanya mazoezi mapema Julai, na kushindana mwisho wa mwezi. Ijumaa iliyopita alikunja godoro, akafagia chumba cha kushonea vizuri kuliko ninavyokifagia mimi, akarudi kwa timu yake. Nyumba imekuwa kubwa. Naruka mahali ambapo hapana miguu.

Jana kulikuwa na mashindano ya siku moja, nje ya ligi. Hakuna aliyeniagiza. Nina sare mia na ishirini za kumaliza kabla shule hazijafunguliwa. Lakini saa nane kasorobo nilizima pasi nikakaa, na sikuweka kanda, kwa sababu nilichoka miezi yote ile kumtazama mtoto wangu huku nikitazama kitufe. Nilimwona mara mbili. Mara ya pili alikuwa amebeba chupa za maji mgongoni, sita au saba, ndani ya fulana, anapita kundi zima upande wa kulia, mdomo wazi. Nikamwambia Mama, "Yule pale." Mama akasema nimsogeze karibu, na nilipomaliza kumsogeza ameshapita.

Ukitaka kujua alimaliza wa ngapi, muulize mwenyewe.

Mdogo wako.